Moyo Ulioelemewa Nao Una Tabibu

Mtu akishikwa na homa, watu wa nyumba yake hawaketi kumhoji kwa nini hakujikaza. Humpa maji, humfunika shuka, na kukicha humpeleka zahanati ili damu yake ipimwe. Hata jirani asiyesalimiana nao hutoa baiskeli yake. Lakini mtu yule yule akielemewa na moyo, akawa halali usingizi, hali chakula, hacheki na watoto, wala haoni haja ya kuamka asubuhi, mambo hugeuka. Huyu husema, “Ni uvivu.” Yule husema, “Ana jini.” Wa tatu husema, “Imani yake imepungua.” Na mgonjwa mwenyewe, akiyasikia hayo, huyaamini yote, akazidi kunyamaza.

Mwezi huu twataka kusema na nyumba zetu na walimu wetu juu ya ugonjwa huo. Maana una jina, una dalili, una dawa, na wako watu waliofundishwa kazi ya kuutibu.

Jina lake

Madaktari wa Tanzania huuita ugonjwa huo sonona. Neno hilo halikutoka mbali. Watu wa pwani husema ya kuwa jambo fulani lamsonona mtu, yaani lamwuma ndani kwa ndani pasipo jeraha la kuonekana. Na aliyepatwa na hayo husemwa amesononeka. Basi neno ni letu, na maumivu yenyewe twayajua.

Lakini si kila huzuni ni sonona. Aliyefiwa hulia, aliyeungua nyumba hukaa kimya, mvuvi aliyepoteza nyavu zake hukosa usingizi siku kadha wa kadha. Hayo ni desturi ya mwanadamu, na kwa watu wengi hupungua kidogo kidogo, wenzao wakiwashika mkono. Sonona ni jambo jingine. Katika sonona moyo hulemewa, au hupoteza hamu ya mambo yote, karibu kutwa nzima, karibu kila siku, kwa muda wa majuma 2 au zaidi, hata kazi za kawaida zamshinda mtu. Pamoja na hayo huja mengine: usingizi kupotea au kuzidi kupita kiasi, chakula kutopendeza, uchovu usioondoka kwa kupumzika, fikira kutokaa mahali pamoja, mtu kujiona hafai kitu, na kujilaumu hata kwa makosa yasiyo yake, na mara nyingine kuwaza kwamba ni heri kufa. Si lazima dalili zote zionekane kwa mtu mmoja. Kuzipima ni kazi ya tabibu.

Tena yafaa tujue ya kuwa wagonjwa wengi hawafiki kwa daktari wakisema, “Nina huzuni.” Husema kichwa chauma, moyo waenda mbio, tumbo lawaka, mwili wote umechoka, au “Nawaza sana.” Na si sisi peke yetu. Washona wa Zimbabwe huita hali hiyo kufungisisa, maana yake ni kuwaza kupita kiasi. Baganda wa Uganda nao wana maneno yao ya kumtaja mtu aliyejichukia nafsi yake na kujihurumia bila mwisho. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba watu wapatao milioni 280 duniani wana ugonjwa huu, na kwamba huwapata wanawake kuliko wanaume. Katika kila wanawake 100 wenye mimba au waliojifungua karibuni, zaidi ya 10 huupata. Basi nani aseme ya kuwa ni ugonjwa wa mataifa ya mbali, au wa watu wasio na kazi?

Mama wa mwani

Tumfikirie mama mmoja wa Mlingotini, kusini ya Bagamoyo, ambaye kazi yake ni kulima mwani. Hatumtaji mtu, twaeleza mfano tu, na msomaji atazame kama mfano huo hauko mlangoni pake. Mama huyu amejifungua mtoto wake wa tatu. Zamani maji yakikupwa alikuwa wa kwanza kushuka pwani na kamba zake. Sasa bamvua zapita, naye amelala ameelekea ukutani. Mtoto akilia, humnyonyesha pasipo kumtazama. Mumewe amwambia, “Mbona wenzio wamezaa na wako kazini?” Mama mkwe anong'ona na jirani. Shemasi aja kumwuliza kama ana dhambi aliyoificha. Yeye hajibu, kwa kuwa amekwisha kujiuliza maswali hayo yote usiku, na kila mara amejihukumu kuwa ana hatia.

Tutazame ni nani katika hao aliyemsaidia. Mume alisema kwa hasira ya njaa, maana mwani usipovunwa hakuna fedha. Mkwe alisema kwa hofu ya aibu. Shemasi alisema kwa nia njema. Lakini wote watatu walimwongezea mgonjwa mzigo ule ule uliokuwa ukimponda, yaani kujilaumu. Na hilo ni alama kubwa ya sonona: mgonjwa hahitaji mtu wa kumlaumu, kwa maana kazi hiyo aifanya mwenyewe mchana na usiku.

Wengine watasema ya kuwa mtu wa sala hawezi kusononeka hivyo. Na wamkumbuke nabii Eliya, aliyekimbilia jangwani, akaketi chini ya mti akaomba afe. Hakukemewa kwa ajili ya maneno yale. Aliachwa alale, akaamshwa ale, akalala tena, akaamshwa mara ya pili, ndipo akapewa safari yake. Hatuoni basi kwa nini sisi tuwe wakali kuliko hivyo kwa wagonjwa wetu. Tumwombee mgonjwa, na tumpeleke kwa tabibu. Mambo hayo mawili hayapigani, kama vile yasivyopigana kwa mgonjwa wa homa.

Njia wanazoziendea watu

Ni kosa kudhani ya kuwa wagonjwa hawa hawatafuti msaada. Wautafuta sana. Mwaka 2003 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Dar es Salaam. Wachunguzi waliwapima watu waliokwenda zahanati, na watu waliokwenda kwa waganga wa kienyeji. Katika kila 100 waliokuwa zahanati, 24 walikuwa na maradhi ya sonona au ya wasiwasi mwingi. Katika kila 100 waliokuwa kwa waganga wa kienyeji, walikuwa 48. Yaani karibu nusu ya waliokaa barazani kwa mganga walikuwa na ugonjwa ambao hospitali yaweza kuutibu.

Hatuyasemi hayo ili kumcheka mtu. Mganga humpokea mgonjwa, humwuliza habari za nyumbani, humsikiliza kwa muda mrefu. Na kusikilizwa ni sehemu ya dawa. Lakini tuhesabu gharama yake. Kuku wa kwanza, kisha mbuzi, kisha kitambaa, kisha ngoma ya siku tatu. Na mwisho wake mara nyingi hutajwa jirani au shangazi kuwa ndiye aliyeroga. Hapo ugonjwa wa mtu mmoja hugeuka kuwa ugomvi wa ukoo mzima, naye mgonjwa bado yu kitandani, na miezi sita imekwisha kupita. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Hofu ya hospitali

Sababu moja inayowazuia watu ni jina la hospitali ya wagonjwa wa akili. Mtu akiisikia, hufikiri minyororo na kuta ndefu. Basi tueleze mambo yalivyo.

Nyumba za kutunza wagonjwa wa akili katika nchi hii zimekuwako muda mrefu. Kule Lutindi, katika milima ya Usambara, wamisionari Wajerumani walifungua makao ya watoto waliokombolewa utumwani, mwishoni mwa karne ya 19. Na mwanzoni mwa karne ya 20 mahali pale pale pakawa pa kuwatunza wagonjwa wa akili. Dodoma iko hospitali ya Mirembe, iliyoanza mwaka 1927. Unguja iko Kidongo Chekundu. Na Dar es Salaam, Hospitali ya Taifa Muhimbili ina idara yake ya magonjwa ya akili.

Kwa Muhimbili watu wa Bagamoyo wana sehemu yao. Mfanya biashara Sewa Haji, aliyekuwa na maduka yake Bagamoyo na kuipatia misafara ya bara vitu na wapagazi, alitoa mali yake ili ijengwe hospitali Dar es Salaam kwa ajili ya watu wote. Alifariki mwaka 1897, na hospitali ile ilichukua jina lake. Muhimbili ya leo huhesabu mwanzo wake kutoka hospitali hiyo. Basi mtu wa Bagamoyo aendaye Muhimbili haendi kuomba kwa wageni. Aenda mahali palipoanzishwa kwa mali iliyochumwa katika mji wake.

Lakini tuseme waziwazi: wagonjwa wengi wa sonona hawalazwi katika hospitali kubwa hata siku moja. Huenda, huongea na tabibu, hupewa siku ya kurudi, wakalala nyumbani kwao. Njia yaanza karibu: kwanza zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya Bagamoyo, na ikihitajika, Tumbi kule Kibaha, au Muhimbili. Madaktari bingwa wa akili ni wachache, kwa hiyo si lazima kumtafuta bingwa kwanza. Mwambie mwuguzi au tabibu uliye naye, naye atakuonyesha njia ya mbele.

Hufanywa nini huko

Tabibu mwema huanza kwa maswali. Atauliza usingizi, chakula, kazi, ugomvi wa nyumbani, vifo vilivyotokea, pombe, na dawa nyingine unazozimeza. Atauliza kama umewaza kufa. Usimfiche. Pengine atapima damu, kwa kuwa upungufu wa damu na maradhi mengine ya mwili huweza kufanana na sonona. Mwanamke amwambie kama ana mimba au ananyonyesha, ili apewe matibabu yanayomfaa.

Tiba ni za namna mbili, na mara nyingine huenda pamoja. Ya kwanza ni tiba ya maongezi. Hiyo si porojo, wala si kupewa mawaidha. Mgonjwa hukutana na mtu aliyefundishwa, mara nyingi kila juma, akafundishwa kulitaja jambo linalomlemea, kulikata vipande vidogo, na kuchagua kipande kimoja cha kukishughulikia kabla ya kuonana tena. Ya pili ni vidonge. Yawapasa watu wajue tabia ya vidonge hivi, maana wengi huviacha kwa kutojua. Havitulizi siku ile ile kama dawa ya kichwa. Huchukua majuma 2 mpaka 4, pengine zaidi, ndipo nafuu ionekane. Siku za mwanzo mdomo waweza kukauka, au tumbo kuchafuka. Na mgonjwa akiisha kupata nafuu, tabibu humwambia aendelee miezi kadhaa, ili ugonjwa usirudi. Asiviache ghafula, wala asimgawie jirani, wala asinunue vya usingizi dukani kwa kujiamulia. Pombe nayo si dawa yake: humlaza mtu usiku mmoja, na kesho yake humzidishia sonona.

Mambo yaliyoonekana Uganda na Zimbabwe

Pengine mwalimu wa shule atauliza, “Kama mabingwa ni wachache, kijiji kifanyeje?” Swali hilo limekwisha kujibiwa na jirani zetu.

Kusini ya Uganda, katika wilaya za Masaka na Rakai, watu wa vijiji 30 walifanyiwa jaribio ambalo matokeo yake yalitangazwa mwaka 2003. Wenyeji wa huko huko, wasio madaktari, walifundishwa kwa muda mfupi kuongoza vikundi vya watu waliosononeka, wanawake na wanawake, wanaume na wanaume. Vikundi vilikutana mara moja kila juma, kwa majuma 16, wakazungumza juu ya misiba, magomvi na mabadiliko ya maisha yao. Mwisho wake, katika kila 100 waliokuwa katika vikundi, wapatao 7 tu ndio waliobaki na sonona. Na katika kila 100 wasiokuwa katika vikundi, wapatao 55.

Zimbabwe nako, kuanzia mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza kazi na akina bibi wa mji wa Harare. Benchi liliwekwa nje ya zahanati, chini ya mti, na bibi aliyefundishwa huketi hapo na mgonjwa, akamsaidia kutatua mambo yake moja moja. Mwaka 2016 matokeo yalitangazwa: baada ya miezi sita, wapatao 14 katika 100 ndio waliokuwa bado na dalili za sonona, hali katika wale waliopata huduma ya kawaida walikuwa 50. Kazi hiyo ya mabenchi imekwisha kuvuka bahari na kufika Unguja, ng'ambo ya Bagamoyo.

Twajifunza nini? Ya kwamba maongezi yaliyopangwa, pamoja na mtu aliyefundishwa, huponya. Lakini neno ni hilo: aliyefundishwa. Bibi wa Harare hakuokotwa njiani. Alifunzwa, na nyuma yake walikuwako matabibu wa kumpokea mgonjwa aliyezidiwa.

Neno kwa wenye nyumba na walimu

Basi mwenye nyumba afanyeje? Kwanza, aketi na mgonjwa wake mahali pa faragha, amwambie maneno machache: “Naona mwenzangu huna raha siku nyingi. Sikulaumu. Twende zahanati pamoja.” Neno la thamani hapo ni pamoja. Aliyesononeka hana nguvu ya kupanda basi peke yake, kungoja katika foleni, na kujieleza kwa mgeni. Amtafutie nauli, ashike mtoto, aandike kwenye karatasi mambo aliyoyaona, na kukumbuka siku ya kurudi. Asimwambie ajikaze, wala asimwambie wako wenye shida kuliko zake.

Mwalimu naye amwangalie mtoto aliyekuwa mchangamfu akageuka kuwa mkimya, au aliyeacha kucheza na kuanza kushindwa masomo. Fimbo haitibu sonona. Amwite kwa upole, awaite wazazi, na kuwaonyesha njia ya kwenda kwa tabibu. Na mwalimu mwenyewe asijisahau: anayebeba shida za wengi huweza kulemewa kabla yao.

Liko jambo moja lisilongoja. Mgonjwa akisema ataka kufa, au akianza kugawa vitu vyake na kuaga watu, msidhani anatania. Mwulizeni waziwazi kama awaza kujiua. Kumwuliza hakumtii wazo hilo kichwani, bali humpa mlango wa kusema. Msimwache peke yake. Wekeni mbali dawa za shambani na vidonge, na kila kitu cha kumdhuru, mkampeleke hospitali siku ile ile, hata ikiwa ni usiku. Wala msiufiche mkasa kwa kuogopa kuwa mtu huyo ataonekana mhalifu. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kumwadhibu mtu kwa sababu alijaribu kujiua ni kinyume cha katiba ya nchi hiyo. Mgonjwa ni mgonjwa.

Tumesikia pia watu wakiuliza, “Habari hii ikienea, nani atakuja kuposa nyumbani kwetu?” Hofu hiyo twaielewa, maana jina la nyumba ni mali. Lakini wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Nyumba iliyompeleka mtu wake kwa tabibu akapona haina la kuona haya. Aibu yatoka kwa kumfungia mtu chumbani, akateseka, hali zahanati iko mwendo wa nusu saa.

Turudi kwa mama yule wa mwani. Mfano wake hauna mwisho, kwa kuwa mwisho wake uko mikononi mwa watu watatu waliosimama mlangoni pake. Mume aweza kutafuta nauli. Mkwe aweza kumpokea mtoto. Shemasi aweza kuandamana nao mpaka Bagamoyo mjini, akaketi nao kwenye benchi hata waitwe. Hakuna hata mmoja wao anayetakiwa kuwa daktari. Na kama msomaji ameitambua nyumba hiyo kuwa ni yake, au ni ya jirani yake, na asingoje toleo la mwezi ujao. Zahanati yafunguliwa kesho asubuhi.